Sababu za Kukata Tela

Kuna nchi moja, jirani zangu, ambayo jina lake silitaji. Wenyewe hawapendi kutajwa, nami sipendi kutafutwa. Itoshe kusema kwamba ina milima, ina barabara kuu moja, na ina serikali kubwa kuliko inavyohitaji. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwani ramani zake huchapishwa na serikali hiyohiyo.

Katika nchi hiyo sheria hutungwa asubuhi, sababu zake zikatafutwa mchana. Msicheke. Ninyi mliozoea sababu kutangulia na sheria kufuata mtaona ajabu, lakini wenzetu walishaijaribu njia hiyo wakaona inachelewesha sheria. Basi wakaunda Idara ya Sababu, wakaijengea jumba lenye ngazi za marumaru. Sheria ikishapita, idara inaitafutia sababu, inaivisha suti, inaipeleka redioni. Mkuu wa idara hiyo alikuwa bwana mmoja, Shomari Ndolezi.

Shomari hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe. Alikuwa fundi wa kazi yake. Serikali ilipopiga marufuku miluzi, ni yeye aliyegundua kwamba mluzi huwapotosha ndege wa taifa. Umeme ulipokatika nchi nzima, ni yeye aliyewaeleza wananchi kwamba giza nalo ni rasilimali, na kwamba mataifa tajiri yamelimaliza la kwao, sasa yanalitamani la kwetu. Watu walimsikiliza wakiwa gizani, wakanyamaza. Naye akadhani wamekubali.

Mkewe aliitwa Siwatu, naye alikuwa dereva wa tela. Kichwa cha lori aliachiwa na marehemu baba yake, tela akalinunua mwenyewe kwa jasho la kubeba saruji na mchele kutoka bandarini hadi mikoa ya milimani. Na hapa niseme wazi, maana mambo ya ndani ndiyo yenye utamu: serikali ilikuwa imeacha kulipa mishahara, ikawa inatoa vyeti vya shukrani. Shomari alikuwa navyo ukuta mzima. Lakini cheti hakichemki kikaiva. Chumvi ya nyumba ile, ada ya binti yao Hidaya, hata tai aliyofunga Shomari akienda kutafuta sababu, vyote vilitoka kwenye tela la Siwatu.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe.

Mkuu wa nchi ile aliitwa Mtukufu Mwona Mbali. Jina hilo alipewa na Bunge kwa kauli moja, na kauli yenyewe ilikuwa yake. Picha yake ilibandikwa kila penye ukuta, kiganja juu ya nyusi, anatazama mambo ambayo sisi wengine hatujafikia. Kila mwaka, Siku ya Barabara, palikuwa na desturi: linaletwa tela, Mtukufu anasimama kwenye taa ya mbele, Waziri wa Uchukuzi anasimama kwenye taa ya nyuma, wanapigiana saluti, bendi inapiga, watu wanarudi makwao na njaa zao.

Mwaka mmoja Mtukufu akasimama kwenye taa ya mbele, akakunja uso, akauliza, "Yule mwanamke kule nyuma ni nani?"

Waziri wa wakati huo alikuwa Mheshimiwa Lubawa, mzee wa ndevu za kufika kifuani, mwenye wake wanne na sauti ya ng'ombe dume. Watu wakatazamana. Palikuwa na jibu moja pale, jepesi, hata kuku angelitoa: Mtukufu, macho yamechoka, tukakutafutie miwani. Lakini mtu anayeitwa Mwona Mbali humwambii hivyo ukarudi kwako kula ubwabwa. Katibu Mkuu akasema, "Mtukufu, kosa si la macho yako. Tela ndilo refu mno."

"Nami niliona," akasema Mtukufu.

Jua halijatua sheria ikawa tayari. Ilisema hivi: *Hakuna tela litakalozidi urefu ambao Mtukufu, akisimama kwenye taa ya mbele, atamtambua Waziri aliyesimama kwenye taa ya nyuma.* Lubawa akafukuzwa kazi kwa kosa la kuwa mbali. Na Shomari akaletewa sheria ile kwenye sahani, aitafutie sababu.

Mwaka ule wa kwanza alijitahidi kweli, tumpe haki yake. Alitangaza kwamba utafiti umethibitisha jambo la kusikitisha: katika tela refu, mzigo wa mbele hufika kabla ya mzigo wa nyuma. Huo ni ubaguzi, alisema, na nchi yetu haikupigania uhuru ili gunia moja lifike mapema kuliko jingine. Bunge likasimama likapiga makofi. Mbunge mmoja wa milimani alilia, akasema kumbe ndiyo maana jimbo lake liko nyuma. Mafundi wa kuchomelea wakaingia barabarani na mitungi ya gesi, matela yakakatwa. Vipande vikachukuliwa na shemeji wa mtu fulani, vikawa mageti ya nyumba ya mtu fulani mwingine.

Mwaka wa pili macho ya Mtukufu yakafifia zaidi, na matela yakakatwa tena. Safari hii sababu ilikuwa kwamba tela refu hulemea barabara muda mrefu bila kuipumzisha, na barabara nayo ni mfanyakazi, ina haki zake. Mwaka uliofuata ikawa kwamba watoto wa shule husimama kuhesabu magurudumu, wakachelewa darasani, na ndiyo chanzo cha kufeli hesabu. Hapo msomaji makini atauliza, si kuhesabu magurudumu ndiyo hesabu yenyewe? Aliyeuliza swali hilo kule alipewa cheti cha shukrani, akaondolewa kazini.

Serikali nayo haikukaa bure. Wakaanza kuteua mawaziri wa uchukuzi kwa kuonekana. Aliteuliwa mrefu mmoja, mcheza kikapu wa zamani, Mtukufu akamdhania nguzo ya simu. Akateuliwa mwingine wa kuvaa manjano kuanzia kofia hadi soksi, Mtukufu akauliza kwa nini ndizi haijavunwa. Mwishowe akapatikana Mheshimiwa Pondamali, mtu wa kiwiliwili kikubwa sana, ambaye akiingia ofisini mlango huingia naye. Elimu yake ya uchukuzi ilikuwa kwamba amewahi kubebwa.

Na kwa heshima ya macho ya Mtukufu, watumishi wote wa serikali walivua miwani. Haikuwa sheria, ilikuwa uzalendo. Wahasibu walisoma kwa pua. Hakimu mmoja alimhukumu karani wake badala ya mshtakiwa, na karani akakata rufaa kwa hakimu mwingine aliyemdhania ni shahidi. Maduka ya miwani yakafungwa, wenyewe wakageukia kuuza makopo. Lakini ziara za Mtukufu ziliendelea, na popote alipokwenda alisifu maendeleo aliyoyaona.

Barabarani hali ilikuwa mbaya, na hapa sifanyi mzaha. Mzigo uliokuwa unapanda milimani kwa safari moja sasa ulihitaji nyingi. Dizeli ileile, matairi yaleyale, tela nusu. Mchele kule milimani ukawa chakula cha sikukuu, kisha ukawa chakula cha kusimuliwa. Madereva wengi waliuza vichwa vya malori wakaenda kulima. Siwatu alibaki, kwa ubishi tu wa kwao.

Jioni moja aliingia nyumbani na vumbi la safari, akaketi jikoni bila kuvua viatu. Shomari alikuwa mezani, anatafuta sababu ya mwaka huo.

"Baba Hidaya," akasema, "tela langu limechaguliwa kwa Siku ya Barabara. Ndilo atakalosimama nalo yule bwana wenu."

"Hongera, Mama Hidaya. Ni heshima kubwa."

"Heshima ya mbuzi siku ya Idi."

Shomari akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Nisikilize vizuri," Siwatu akasema. "Tela lile limebaki na ekseli moja ya magurudumu. Wakikata tena, hata hiyo inatoka. Litabaki bao la kukalia wazee. Sitabeba tena saruji, sitabeba mchele, sitabeba kitu. Unajua nyumba hii inakula nini?"

"Serikali itatufikiria."

"Serikali imekufikiria mpaka ukuta umejaa. Hebu kachemshe kimoja tule."

Siwatu akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Yule mzee haoni."

Shomari akaruka kufunga dirisha. Kazi bure, maana jirani yao wa upande ule alikuwa mtu wa usalama, na alishasikia, na mwenyewe alikuwa anajua siku nyingi. Nchi nzima ilikuwa inajua. Vichaa walijua. Siri ile ilikuwa imetunzwa na watu milioni kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyeivujisha kwa yule mmoja asiyeijua.

Siwatu akaingiza mkono ndani ya kanga, akatoa miwani. Ilikuwa ya vioo vinene, ya kuonea mbali, aliinunua ng'ambo ya mpaka akaivusha ndani ya gunia la mchele.

"Unataka tunyongwe?" Shomari akanong'ona.

"Nataka mwanao asome, na wewe ule. Wewe ndiye unayesimama karibu naye siku ile, unashika vipaza sauti, unasoma sababu zako. Mpe avae. Akiona, hatakata. Sitaki ushujaa, baba, sijaolewa na shujaa, najua. Nataka mkono wako utoke mfukoni mara moja tu."

"Nitampa."

"Niapie."

Akaapa. Shomari alikuwa mwepesi wa kuapa, kazini aliapa kila Jumatatu. Lakini usiku ule, nakiri, aliapa kwa moyo. Alimpenda mkewe. Alimwogopa Mtukufu zaidi, basi, ndilo tatizo lake.

Siku ya Barabara ikafika. Wanafunzi waliletwa kwa malori ya jeshi ili wawe wananchi. Mashimo ya barabara yalifunikwa mikeka, na juu ya kila mkeka aliketishwa chifu ili usipeperuke. Kichwa cha lori la Siwatu kilisimama kinang'aa, nyuma yake lile tela, kipande cha tela, kimepambwa kwa maua ya plastiki. Siwatu mwenyewe alikuwa kwenye usukani, kwani desturi ilitaka dereva asishuke. Pembeni mafundi wa kuchomelea walikuwa tayari, mitungi imefunguliwa.

Mheshimiwa Pondamali akaenda kusimama kwenye taa ya nyuma. Alihema njia nzima, ingawa njia yenyewe siku hizo mtu angeweza kuivuka kwa kujinyoosha. Mtukufu akasimama kwenye taa ya mbele. Bendi ikanyamaza.

"Hapa pana kilima," akasema Mtukufu. "Nani ameweka kilima barabarani?"

Katibu Mkuu akainamisha kichwa kwa huzuni ya kiserikali. "Mtukufu, tela bado refu."

"Nami niliona. Kateni."

Fundi akawasha moto. Shomari alitazama juu, akakutana na macho ya mkewe kwenye kioo cha pembeni cha lori. Siwatu alikuwa anasubiri tu, kama mtu anavyosubiri mwenzake alipe alichoahidi. Na mkono wa Shomari, ajabu ya maajabu, ukatoka mfukoni.

"Mtukufu," akasema, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vyote, "kabla ya kukata, wananchi wako wanaomba kukupa zawadi. Hiki si kitu cha kusaidia kuona, kwani nani atamsaidia Mwona Mbali? Ni madirisha. Madirisha ya dhahabu, ili sisi tulio nje tupate kuyaona vizuri macho yako."

Msemo kama huo hausomewi shule. Mtukufu, ambaye hakuwahi kukataa zawadi yoyote isipokuwa ushauri, akaipokea miwani, akaivaa.

Mtukufu akatazama mbele, akatazama nyuma. Kinywa chake kikafunguka kidogo.

"Pondamali? Ndiye wewe? Mbona umekuwa hivyo, na redio inasema tunafunga mikanda?"

Pondamali akajaribu kujificha nyuma ya tela, tela halikumtosha.

Mtukufu akageuka. Akawaona machifu juu ya mikeka, akaona na ukingo wa mashimo chini yao. Akawaona wanafunzi, wengine wamesinzia. Akaona miguu yao mikavu, na nguo zilizoisha. Alitazama muda mrefu. Nawaambia, kuna waliosema baadaye kwamba kwa dakika ile mzee yule alikuwa mtu kama sisi. Kisha macho yake yakarudi kwenye tela.

"Tela liko wapi?"

"Ndilo hili, Mtukufu," akajibu Katibu Mkuu.

"Hili ni toroli. Mimi nilizindua matela, nayakumbuka, marefu, yanapita mpaka unachoka kuyatazama. Nani amekata matela ya watu wangu?"

Katibu Mkuu akamwangalia Pondamali. Pondamali akawaangalia mafundi. Mafundi wakaangalia moto wao. Kisha wote, bila kuambizana, wakamgeukia Shomari.

"Sisi tuliletewa sababu, Mtukufu," akasema Pondamali. "Tukakata. Mtu akiletewa sababu atafanyaje?"

"Wewe wa sababu," Mtukufu akamwambia Shomari, na safari hii alimwangalia usoni, vioo vile vinene vikiwa vimeyakuza macho yake. "Nataka sababu ya kweli. Matela yalikatwa kwa nini?"

Basi ndiyo hiyo. Mtu aliyeishi kwa sababu aliulizwa sababu, na kwa mara ya kwanza ilikuwepo, imesimama mbele yake, imevaa miwani. Alihitaji maneno machache tu. Mkewe alikuwa pale juu, tela lake pale chini, moto bado unawaka. Na sauti ya yule mzee haikuwa ya hasira, ndilo linaloniuma mimi msimuliaji. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza.

Shomari akafungua kinywa, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Ni madereva, Mtukufu. Madereva wenyewe ndio walioomba yakatwe. Kwa mapenzi yao."

Upuuzi mtupu, lakini ulimi ukishateleza haurudi. Mtukufu akainua uso, na dereva pale alikuwa mmoja.

"Mama," akaita, "wewe uliomba tela lako likatwe?"

Siwatu akateremsha kioo cha mlango. Alimtazama mumewe kwanza. Angesema ndiyo, Shomari angerudi nyumbani na cheti kipya. Wanawake wa kwao wamewastiri waume kwa makubwa kuliko hayo, na yeye mwenyewe alikuwa amemstiri miaka. Lakini kuna siku mtu anachoka.

"Hapana, baba yangu," akasema. "Sikuomba. Hakuna aliyeomba. Lilikatwa kwa sababu ulikuwa huoni, na watu wote hawa walikuwa wanajua, na yule mwenye kipaza sauti anajua kuliko wote, maana miwani hiyo niliinunua mimi nikampa akuletee. Ni mume wangu."

Hata wanafunzi waliokuwa wamesinzia waliamka kwa ule ukimya. Mtukufu alisimama vilevile, anaitazama barabara, machifu, wale watoto, mawaziri wake mmoja baada ya mwingine. Sasa alikuwa anaona, na sasa alikuwa anajua kwamba wanajua.

Kisha akainua mikono miwili, akaivua ile miwani taratibu. Akaikunja. Akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo.

"Nimesikia sauti," akasema. "Sioni mtu."

Katibu Mkuu akapumua. "Hakuna mtu, Mtukufu."

"Na hapa pana kilima."

"Tela, Mtukufu. Bado refu."

"Nami niliona," akasema Mwona Mbali. "Kateni. Na sababu isomwe."

Moto ukaingia kwenye chuma. Shomari akatoa karatasi aliyoiandaa kule jikoni kwake, akakisogelea kipaza sauti. Akawatangazia wananchi kwamba serikali, kwa kuwajali, imebaini kuwa tela refu humchelewesha dereva njiani, ilhali tela fupi humrudisha mapema nyumbani kwake, kwa mumewe na mwanawe, na kwamba familia ndiyo msingi wa taifa. Alisoma vizuri. Hakuruka hata neno.

Alipokuwa bado anasoma, ekseli ikaanguka barabarani. Siwatu akashuka, ingawa desturi ilimkataza. Akapita katikati ya mafundi, akafungua pini, akakitenga kichwa cha lori na lile bao lililobaki. Hakumtazama mtu. Akapanda, akawasha, machifu wakaruka kwenye mikeka kumpisha, akaondoka na kichwa kitupu kuelekea mpakani, na njiani, walivyosimulia waliomwona, alimpitia Hidaya shuleni.

"Sababu nzuri sana hiyo," Pondamali akamwambia Shomari, akimpiga bega. "Inagusa."

Bendi ikaanza. Watu wakapiga makofi, kwa kuwa askari walikuwa wameanza kuyapiga. Na Shomari Ndolezi, mkuu wa Idara ya Sababu, akaikunja karatasi yake, akaiweka mfukoni, naye akapiga.